Matairi manne ya msafara: lipi linasimama wapi, na nani akae nyuma ya nani

Pikipiki mbili zinakwenda bega kwa bega, kilomita 80 kwa saa, lami kavu. Zinashika breki kwa wakati mmoja. Ya kwanza ina matairi ya lami, inapunguza mwendo kwa mita 8 kwa sekunde kila sekunde, na inasimama baada ya mita 31. Ya pili ina matairi ya meno makubwa, inapunguza kwa mita 6, na inasimama kwenye mita 41. Mita 10 kwenye karatasi hazimtishi mtu. Sasa angalia pale ya kwanza ilipokwisha kusimama: ya pili inapita hapo ikiwa bado na kilomita 40 kwa saa. Anza na 100, itapita na 50. Kwa tofauti hiyo ya 8 na 6, mwendo unaobaki ni nusu ya ule mlioanza nao, uwe wowote.

Namba hizo ni za hesabu na hazikupimwa kwa chapa yoyote, lakini ziko karibu na yanayoonekana barabarani. Mwendeshaji aliye peke yake anaweza kuzipuuza, maana mbele yake kuna nafasi. Kwenye msafara, mita 10 hizo zina mtu ndani yake. Kwa hiyo hapa matairi hayapimwi kwa lipi ni bora kuliko lipi. Tairi zuri sana kwenye pikipiki ya mbele ni hatari kwa wa nyuma mwenye tairi la kawaida. Kinachoangaliwa ni tofauti kati ya matairi ya watu wanaosafiri pamoja.

Kipimo cha mazungumzo ni pikipiki ya safari ya daraja la kati, mfano Suzuki V-Strom 650: tairi la mbele 110/80 (upana wa milimita 110, kimo asilimia 80 ya upana huo) rimu ya inchi 19, la nyuma 150/70 rimu ya 17. Njia ni ile misafara mingi ya Dar es Salaam huipenda, kupitia Chalinze, Morogoro na Mikumi hadi Iringa, takriban kilomita 500. Ndani yake mna kila kinachomlazimisha mtu kushika breki ghafla: rasta (vituta vidogo vya mfululizo) na matuta yanayotokea kijijini bila kibao, wanyama wanaokatiza hifadhini Mikumi, na malori yanayotambaa mlimani Kitonga huku dizeli ikidondoka kwenye kona.

Michelin Road 5 Trail

Hili ni tairi la lami tupu. Road 5 lilitoka mwaka 2018, na toleo la Trail lilitengenezwa kwa ajili ya pikipiki za safari zenye rimu ya mbele ya inchi 19. Ukilitazama utadhani lina mifereji michache mno kwa mvua. Siri iko kwenye mikato myembamba inayozidi kupanuka kadiri unavyoshuka ndani ya mpira. Tairi likilika, mkato unaojitokeza juu ni mpana zaidi, hivyo maji yanaendelea kupata pa kwenda. Michelin wenyewe walitangaza kwamba Road 5 lililokwisha tembea kilomita 5,636 husimama kwenye maji kwa umbali uleule wa Pilot Road 4 jipya, tairi lililolitangulia. Ni dai la mtengenezaji, lichukue hivyo, lakini linagusa jambo ambalo wengi hawalifikirii wanapopanga msafara: tairi la mwenzako lililolika nusu halisimami kama lilivyosimama siku alipolinunua. Tairi linalopoteza uwezo polepole hufanya mpangilio mliozoea udumu muda mrefu zaidi.

Kwa breki za lami, kavu au yenye maji, hili ndilo la kwanza kati ya manne. Ukibana mkono wa breki, pua inashuka na tairi linashika papo hapo, bila kusubiri. Na hapo ndipo tatizo lake la msafara lilipo. Mwenye tairi hili akiwa mbele, akiona tuta mita 40 mbele yake, atasimama. Waliomfuata ndio watakaolipa.

Kwenye vumbi halifai. Likikutana na changarawe iliyolegea, la mbele linateleza juu ya kokoto kama mtu aliyekanyaga punje za kunde sakafuni.

Michelin Anakee Adventure

Lilitoka 2019, na mtengenezaji anasema ni la asilimia 80 lami na 20 vumbi. Mgawanyo huu ni wa haki. Katikati meno yake ni makubwa na yamekaribiana, kwa hiyo linapokwenda wima, ambavyo ndivyo pikipiki inavyokuwa mtu anaposhika breki za dharura, mpira unaogusa lami ni mwingi. Pembeni nafasi zinapanuka. Mpira wenyewe ni wa aina mbili: katikati mgumu wa kudumu, mabegani laini wa kushika kona.

Kwenye lami kavu hutaona tofauti kubwa kati yake na tairi la lami, labda mita moja au mbili kutoka kilomita 80, na hizo humezwa na tofauti za mikono ya waendeshaji. Mvua ikinyesha pengo linapanuka kidogo. Lipo kwa rimu za mbele za inchi 19 na 21, na nyuma 17 na 18, kwa hiyo pikipiki za safari kama V-Strom, BMW GS, Honda Africa Twin na Yamaha Ténéré 700 zote zinaweza kuvaa tairi moja. Hiyo ndiyo sababu kubwa ya kulipendekeza hapa. Msafara wa pikipiki nane zenye Anakee Adventure ni rahisi kuuongoza kuliko wenye nne za tairi bora zaidi na nne za tairi la meno.

Heidenau K60 Scout

Lina jina la pale linapotengenezwa, mji wa Heidenau huko Saxony, Ujerumani, na lina sifa moja inayojulikana kila pembe: halimaliziki. Kwenye saizi kubwa za nyuma kama 150/70-17 kuna mstari wa mpira usiokatika katikati, kutoka mwanzo hadi mwisho wa duara, na mstari huo ndio unaolika polepole. Mtu anayesafiri peke yake kutoka Nairobi hadi Lusaka atalishukuru.

Mpira unaodumu ni mpira mgumu, na mpira mgumu unachelewa kupata joto. Asubuhi ya baridi Iringa mwezi wa Julai, kilomita kumi za mwanzo, usilitegemee. Mstari wa katikati nao una pande mbili: kwenye lami kavu unasaidia breki ya nyuma kwa sababu haupindi kama jino lililo peke yake, lakini kwenye lami yenye maji na utope mwembamba juu yake, mstari usio na mkato hauna pa kupenyeza maji. Breki ya nyuma inafunga mapema, ABS (mfumo unaozuia gurudumu lisifunge) inaanza kugonga kwenye pedali, na umbali unarefuka. Kwenye msafara wa mvua, mwenye K60 aongezewe nafasi mbele yake. Akikataa kwa kuwa tairi lake “ni la Mjerumani”, mwachie nafasi mwenyewe kwa kumhamishia mbele.

Continental TKC 80

Jino la mraba, refu, lenye nafasi kubwa pande zote. Ukiliona kwenye rimu unajua linakwenda wapi. Kwa saizi ya 150/70-17 lina alama 69Q pembeni: 69 ni uzito wa hadi kilo 325 kwa tairi hilo, Q ni mwendo wa hadi kilomita 160 kwa saa.

Chukua tairi jipya la namna hii, weka kidole gumba juu ya jino moja la pembeni, sukuma kwa nguvu. Linalala. Sasa fikiria kilo zaidi ya 300 za pikipiki, mtu na mizigo zikisukuma meno matatu au manne ya tairi la mbele kwa pamoja. Kabla ya nguvu ya breki kufika kwenye lami, meno yanalala kwanza, na kila jino linapolala ukingo wake wa nyuma unanyanyuka kidogo, hivyo eneo linalogusa, ambalo tayari ni dogo kwa sababu ya nafasi, linapungua tena. Mkononi unaisikia kama breki laini mwanzoni, halafu mtikisiko mdogo wa haraka. Mzoefu anajua kubana kwa hatua mbili: kidogo, anasubiri meno yalale, halafu kwa nguvu. Asiyejua anabana kwa hofu mara moja, na ABS inaachia kabla tairi halijashika. Bila ABS, gurudumu la mbele linafunga, na baada ya hapo anayeamua ni lami.

Mbona basi tairi hili limo kwenye orodha? Kwa sababu kwenye vumbi hadithi inageuka kichwa chini miguu juu. Meno yanaingia kwenye udongo uliolegea na kuushika. Tairi la lami linaelea juu yake. Kile kilichokuwa udhaifu kwenye lami ndicho kinachosimamisha pikipiki kwenye barabara ya vumbi, na yule mwenye Road 5 aliyejiona mfalme tangu Chalinze anakuwa wa kusubiriwa.

Tairi hili linahitaji kukaguliwa kwa kiganja. Pitisha mkono juu ya meno ya mbele kwa mwelekeo mmoja, kisha rudisha. Upande mmoja utateleza laini, upande wa pili utakukwaruza kama msumeno. Hiyo ni alama ya breki: meno yameliwa mshazari. Yakifika hapo, usukani utatikisika kila unapobana breki ukiwa kati ya kilomita 50 na 70 kwa saa, na umbali wa kusimama unaongezeka hata kama urefu wa meno bado unaonekana mzuri kwa macho. Watu wengi hulaumu diski. Kabla hujapeleka diski kwa fundi, pitisha kiganja.

Kuchanganya mbele na nyuma

Wengi huvaa la meno nyuma na la lami mbele, na kwa msafara wa njia hii ni mchanganyiko wenye akili. Pikipiki ya safari ni ndefu kwenda juu. Mtu akishika breki kwa nguvu, zaidi ya asilimia 80 ya uzito huhamia gurudumu la mbele, na la nyuma linabaki kugusa tu. Maana yake tairi la mbele ndilo linaloamua umbali. Weka Anakee Adventure mbele na TKC 80 nyuma, kama mtengenezaji wa pikipiki anaruhusu mchanganyiko huo, utasimama karibu sawa na mwenye Anakee mbili, na kwenye tope bado una cha kukusukuma. Kinyume chake, meno mbele na lami nyuma, ni kulipa kote kuwili.

Ila saizi zisibadilishwe. ABS inalinganisha mzunguko wa gurudumu la mbele na la nyuma. Fundi anayekuambia “hii ya 140 inaingia tu, iko sawa na 150” anabadilisha kimo cha tairi, na kompyuta inaanza kusoma kuteleza ambako hakupo. Vilevile usichanganye tairi la radiali (nyuzi zake za ndani zimenyooka kutoka ukingo hadi ukingo) na la nyuzi za mshazari kwenye pikipiki moja kama mtengenezaji wa pikipiki hajaruhusu. Yanapinda kwa namna tofauti yakibanwa.

Nafasi na mpangilio

Msafara wa kawaida unakwenda zigizaga: kiongozi upande wa kulia wa njia yake, wa pili kushoto, wa tatu kulia. Kanuni inayofundishwa ni sekunde 1 hadi aliye mshazari mbele yako na sekunde 2 hadi aliye mbele yako kwenye mstari wako. Kwa kilomita 80, sekunde 1 ni mita 22 na sekunde 2 ni mita 44.

Piga hesabu. Mtu makini huchukua kama sekunde 1 tangu aone taa ya breki hadi vidole vibane, yaani mita 22 zimekwenda. Kwa aliye kwenye mstari wako unabaki na mita 22 za akiba. Tairi lako likiwa dhaifu kuliko lake kwa mita 10, unabaki na 12. Inatosha. Lakini kwa yule wa mshazari umebaki na sifuri, na ukitoa 10 uko upande wa hasara: utampita pembeni, kama bado yuko pembeni. Akihama mstari kukwepa shimo, na kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni mashimo yapo, uko mgongoni kwake.

Kwa hiyo mwenye meno makubwa apewe sekunde 2 hadi aliye mshazari na angalau 3 hadi aliye kwenye mstari wake, na wote waliobaki wavumilie msafara kurefuka. Kwenye kona za Kitonga zigizaga inavunjwa, mnakwenda mstari mmoja, sekunde 2 kwa wenye tairi za lami na 3 kwa wengine. Mkirudi kutoka Iringa mnashuka, na mteremko unakula breki za kila mtu kwa kiasi kilekile, jambo ambalo linamuumiza zaidi aliyekuwa na kidogo. Kwa kilomita 60 kwenye tambarare, tofauti ya 8 na 6 ni karibu mita 6. Kwenye mteremko wa asilimia 8 inavuka mita 7, na hapo bado hujaweka dizeli ya lori barabarani.

Mpangilio ndio unaokosewa zaidi. Desturi ni mwenye pikipiki yenye nguvu kuongoza na wenye meno makubwa kukaa nyuma, kwa kuwa wanapenda kuchepuka na kurudi. Kwa breki ni kinyume. Aliye nyuma ndiye anayehitaji kusimama vizuri zaidi kuliko aliye mbele yake, kwa hiyo kwenye lami panga hivi: baada ya kiongozi, wenye TKC 80 na mfano wake, kisha K60, kisha Anakee Adventure, wenye tairi za lami wafunge msafara. Kiongozi mwenyewe awe mtu wa breki za mapema, anayegusa pedali mara mbili taa ziwake kabla ya kupunguza mwendo. Kama kiongozi ana Road 5 na mkono mwepesi, mpangilio wote huu haumsaidii wa pili.

Lami inapoisha, simameni. Geuzeni mpangilio: tairi za lami ziende mbele, meno nyuma. Dakika mbili tu. Na kwa kuwa kuna vumbi, sahau sekunde; nafasi ni ile inayokuwezesha kuona barabara baada ya vumbi la mwenzako kutulia, ambayo siku isiyo na upepo ni mita mia na zaidi.

Kupima kabla ya safari

Mpangilio huo ni wa kuanzia. Waendeshaji wanatofautiana kuliko matairi, na namna ya kujua ni kupima. Tafuta uwanja wa lami kavu ulionyooka, mita 200 zinatosha, usiwe na mchanga juu yake. Weka chupa mbili za maji kama geti la kuanzia kushika breki. Kila mtu apite kwa kilomita 50, mwendo usomwe kwa GPS ya simu moja, kwa sababu dashibodi nyingi husoma juu kuliko mwendo halisi. Ashike breki zote mbili akifika getini, mara tatu, na mpime kwa hatua au utepe kutoka getini hadi tairi la mbele. Mara ya kwanza itupwe. Wastani wa mbili zilizobaki ndio namba yake.

Kwa kilomita 50, anayepunguza kwa 8 anasimama kwenye mita 12, wa 6 kwenye mita 16. Ukiona mtu ana zaidi ya 18, usihangaike na tairi kwanza. Angalia pedi, mafuta ya breki, halafu mkono wake: wengi wa kundi hili wanatumia mguu tu, wanaogopa breki ya mbele. Panga msafara kwa namba hizo, kubwa mbele, ndogo nyuma, na rudia zoezi na mizigo ikiwa imefungwa kama inavyosafiri.

Mwenye tairi jipya asipime wala asikae katikati ya msafara. Tairi jipya lina utelezi juu yake na linahitaji kama kilomita 100 za kwenda taratibu. Kufunga tairi Ijumaa jioni Kariakoo na kuondoka Jumamosi alfajiri ni kujitafutia balaa. Fika Morogoro kwanza ukiwa peke yako, mkutane huko.

Upepo

V-Strom 650 inataka psi 33 mbele na 36 nyuma ukiwa peke yako, 41 nyuma ukiwa na abiria. Pima asubuhi kabla ya kuondoka, tairi likiwa baridi. Ukipima kituo cha mafuta Chalinze baada ya saa nzima ya jua utakuta limepanda psi 3, 4 au zaidi. Ukiliachia upepo hapo umeliharibu, maana kesho asubuhi litakuwa pungufu. Tumieni geji moja kwa msafara wote. Geji za vituo hazikubaliani, na pikipiki mbili zenye “33” za geji mbili tofauti zinaweza kupishana kwa kiasi cha kubadilisha breki.

Swali linaloulizwa sana ni kama Iringa inahitaji kuongeza upepo. Ukijaza Dar kwenye nyuzi 30 na kuamka Iringa kwenye nyuzi 12, baridi inakuondolea karibu psi 3. Lakini mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, hewa ya nje ni nyepesi, na geji inarudisha psi 2 na kitu. Vinakaribia kufutana. Pima, ila usishangae ukikuta hakuna cha kufanya.

Hatari kubwa ya upepo iko pengine: wale wanaoupunguza kwa ajili ya vumbi, wanarudi kwenye lami na kusahau. Tairi la meno lenye psi 22 kwenye lami linayumba, linachemka, na breki yake inachelewa zaidi. Kila pikipiki inayopunguza iwe na pampu yake.

Mezani kwa fundi

Tazama vitu vinne wakati tairi linafungwa. Mshale wa mwelekeo, mbele na nyuma, kila mmoja kwa alama yake. Mstari mwembamba unaozunguka karibu na rimu, uwe na umbali uleule kote. Pale ulipozama, tairi halijakaa. Sabuni ya maji itumike kuliingiza, kamwe isiwe oili wala grisi. Oili inabaki ndani, na siku ya breki kali rimu inashikwa huku tairi likiendelea kuzunguka juu yake. Kwenye tairi la tyubu utaligundua hilo kwa valvu: ilikuwa imesimama wima, sasa imelala. Ukiona valvu imelala usiinyooshe na kuendelea. Shina lake limeshavutwa na litachanika. La mwisho ni vijana wa kuosha pikipiki wanaopaka matairi dawa ya kung'arisha. Inapendeza kwenye picha. Waambie waache, maana ile dawa ikishuka hadi kwenye meno, kona ya kwanza itakueleza.

Tarehe ya kutengenezwa iko pembeni, tarakimu nne: 3221 ni wiki ya 32 ya mwaka 2021. Tairi lililokaa miaka mitano dirishani mwa duka la Mombasa au Dar, jua likilipiga kila mchana, ni gumu hata kama halijagusa barabara. Meno yote yapo, mpira haushiki. Muuzaji atakwambia ni jipya, na kwa maana yake ni kweli. Bonyeza kwa ukucha. Mpira hai unapokea alama na kuirudisha.

Kwa pikipiki ndogo za cc 150 zinazojiunga na misafara, matairi ya bodaboda yenye alama 6PR au 8PR yametengenezwa kubeba mizigo na kudumu, na yakiunganishwa na breki ya dramu mbele hayasimami pamoja na pikipiki za diski mbili. Hizo zikae mara tu baada ya kiongozi, na mwendo wa msafara uwe wao. Tairi likiwa kipara, pikipiki isiondoke kabisa.

Kwa njia ya Iringa na nyingine zenye lami zaidi ya robo tatu, Anakee Adventure kwa wote, au mbele angalau. Kwa safari ambayo nusu yake ni vumbi, TKC 80 kwa wote, na mwendo wa lami usizidi 80. Mnaobaki na mchanganyiko, andikeni namba za uwanjani kwenye kipande cha plasta, mbandike nyuma ya kila pikipiki, anayefuata aisome.